Kadi ya Stalker: Kiswahili katika Kikosi cha Wanasesere

Mwaka 1982 kampuni ya Hasbro ilipomrudisha sokoni G.I. Joe, askari wa kuchezea ambaye watoto wa Marekani walimjua tangu mwaka 1964, ilimrudisha akiwa amepungua kimo na kuongezeka idadi. Yule wa zamani, mrefu wa takriban sentimita 30, alikuwa sura moja iliyobadilishiwa sare. Hawa wapya hawakufika sentimita 10, lakini kila mmoja alikuwa na jina lake, kazi yake, mahali alipozaliwa, na kadi ya wasifu iliyopigwa chapa nyuma ya pakiti ili ikatwe kwa mkasi na kuhifadhiwa. Mmoja wao ni Stalker, askari mweusi wa kikosi cha Ranger, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Lonzo R. Wilkinson, mzaliwa wa Detroit. Kadi yake inaeleza kwamba kabla ya kuingia jeshini alikuwa mkuu wa genge la mtaani, na kwamba anazimudu lugha nne za kigeni: Kihispania, Kiarabu, Kifaransa na Kiswahili.

Makala haya yanaisoma kadi hiyo, na yanaisoma kutokea Texas, ambako wanasesere hawa bado wananunuliwa, wanabadilishwa na kupangwa upya na watu wazima kwa uzito uleule ambao wengine huupangia makusanyo ya vitabu. Suala langu ni jepesi kulitaja na gumu kulijibu: mtu anapowagawa askari hawa katika vikosi vidogo vyenye kazi maalumu, Kiswahili cha Stalker kinawekwa kikosi gani?

Neno nimelitumia makusudi: wanasesere. Hasbro ilijitahidi sana mwaka 1964 kulikwepa neno la Kiingereza lenye maana hiyo, kwa hofu kwamba baba wa Kimarekani asingemnunulia mwanawe wa kiume kitu chenye jina la kichezeo cha wasichana. Ikabuni istilahi nyingine yenye harufu ya vitendo na mapambano. Kiswahili hakina aibu hiyo. Mwanasesere ni mwanasesere, awe na gauni au bunduki, na anayemshika ndiye anayempa sauti.

Mwandishi wa kadi zile ni Larry Hama, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, aliyezaliwa New York mwaka 1949 na kuhudumu Vietnam katika kikosi cha wahandisi wa jeshi. Ndiye pia aliyeandika jarida la katuni la G.I. Joe lililotolewa na Marvel kuanzia mwaka 1982 hadi 1994. Kadi zilianza kama kumbukumbu zake mwenyewe za kutofautisha wahusika waliokuwa wengi mno. Hasbro ilipoziona ikazichapa kwenye pakiti. Huu ndio utanzu anaostahili kupewa sifa, kuliko hata jarida. Kadi ina sehemu kavu ya juu, jina, cheo, kazi ya kwanza na ya pili, mahali pa kuzaliwa, halafu aya fupi ambamo mtu anazaliwa kwa sentensi tatu au nne. Ni fasihi ya ufupi kama ilivyo fasihi ya kanga: nafasi ni finyu, msomaji ni wa haraka, na maana hukamilishwa na anayeivaa.

Texas ina wana wake katika orodha hii. Rubani wa helikopta Wild Bill, wa mwaka 1983, ni mzaliwa wa mji mdogo wa Brady. Law, polisi wa jeshi wa mwaka 1987 anayetembea na mbwa aitwaye Order, ni wa Houston. Aliyenivutia zaidi ni Iceberg wa mwaka 1986, askari mweusi wa theluji, ambaye Hama amemzalisha Brownsville, kwenye ncha ya kusini kabisa ya jimbo, mpakani mwa Mexico, ambako theluji ni habari ya gazetini. Kijana aliyelichukia joto la kwao anakwenda kuishi katika barafu: hiyo tayari ni riwaya ya uhamiaji, imebanwa kwenye karatasi isiyozidi kiganja. (Sisi tuliotoka Tanga na Pemba tukaja kukaa gizani na kwenye baridi Texas mwezi Februari 2021, umeme ulipokatika, tunamwelewa Iceberg kwa kinyume.)

Tuje kwenye vikosi vidogo. Kuanzia mwaka 1987 Hasbro ilianza kuwagawa askari wake kwa makundi yenye majina: Battle Force 2000, kisha Tiger Force na Night Force mwaka 1988, Python Patrol upande wa maadui mwaka 1989, Sky Patrol mwaka 1990, na baadaye vikosi vya mazingira, vya maninja na vya anga za juu. Sababu ya mengi ya makundi haya ni ya kiwandani. Kuchonga kalibu mpya ni gharama. Kuipaka rangi mpya kalibu ya zamani ni nafuu. Tiger Force ni mfano wa wazi. Karibu askari wake wote walikuwa wameshauzwa miaka iliyotangulia, wakarudishwa na michirizi ya manjano na nyeusi. Hata ndege ya kundi hilo ilikuwa ya adui, imebadilishwa rangi na kuhamishiwa upande wa pili bila maelezo ya kutosha ya namna ilivyotekwa.

Mhakiki hapaswi kuilaumu kampuni kwa kufanya biashara. Anapaswa kuuliza rangi ile inafanya nini kwa maneno ya kadi. Katika Tiger Force yumo Dusty, ambaye kuwepo kwake kote ni jangwa: sare, ujuzi, kitambaa cha kichwani. Yumo pia Frostbite, dereva wa magari ya theluji. Wawili hawa hawawezi kufaa mahali pamoja isipokuwa mmoja wao awe mgonjwa. Yumo Lifeline, tabibu ambaye katika katuni za televisheni anajulikana kwa kukataa kumdhuru mtu, naye amepakwa michirizi ya mnyama mla nyama. Kikosi kinachoitwa maalumu kimefuta umaalumu wa kila aliyeingia. Night Force angalau ina mantiki ya usiku, na watu wake, kama Tunnel Rat mtambaa-mashimoni ambaye uso wake ulichongwa kwa kumfuata Hama mwenyewe, wanaweza kweli kufanya kazi gizani. Tiger Force ni kivumishi kilichopuliziwa juu ya nomino kumi.

Aina ya pili ya kikosi imo ndani ya jarida, na hapo Hama anaandika bila kufuata rafu za duka. Katika toleo la 26 na la 27, mwaka 1984, tunaambiwa kwamba Stalker, Snake Eyes na Storm Shadow waliwahi kuwa pamoja Vietnam katika doria moja ya upelelezi wa masafa marefu, watu sita tu. Baadhi wanafia msituni. Waliosalia wanatawanyika, na mmoja wao, Wade Collins, aliyedhaniwa amekufa, anakuja kuonekana miaka ya baadaye akiwa amevaa sare ya adui. Kikosi hiki hakina rangi moja wala nembo, na hakikuuzwa kama seti. Kinachowaunganisha ni deni. Kila mmoja anajua nani alimbeba nani na nani aliachwa, na maarifa hayo ndiyo yanayoendesha hadithi kwa miaka. Anayetaka kujua kwa nini jarida la kuuzia vichezeo limeendelea kusomwa aanze hapo.

Basi mtu mwenye sanduku la wanasesere mia mbili anapoketi sakafuni kuwagawa, anachagua kati ya njia hizi mbili, ajue asijue. Eneo la Dallas na Fort Worth limekuwa kwa miaka mingi kitovu cha watu wa aina hiyo. Klabu rasmi ya wakusanyaji wa G.I. Joe iliendeshwa kutoka Fort Worth na kampuni ya Fun Publications, iliyoandaa pia mikutano ya kila mwaka hadi ule wa mwisho wa mwaka 2018 huko Chattanooga, Tennessee, na iliyotoa seti zake za vikosi vidogo zenye kadi mpya kwa wanachama. Si ajabu kwamba jambo hili lilikaa Fort Worth. Huko ndiko zinakoundwa ndege za kivita za F-35, na ndiko makao ya kampuni ya Bell, iliyounda helikopta ya kushambulia iitwayo Cobra, ambayo Dragonfly ya Wild Bill inafanana nayo sana. Kwamba Cobra ni pia jina la adui katika mchezo wenyewe ni kichekesho ambacho mji umekibeba kimyakimya.

Nilianza kuyafikiria haya Grand Prairie, katika soko la Traders Village, ambako mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja alinunua sanduku la wanasesere hawa, baadhi hawana mikono, pamoja na bahasha ya kadi zilizokatwa kwa mkasi wa mtoto mwingine, pengine kabla sisi hatujafika nchi hii. Nyumbani aliwagawa kwanza kwa rangi, kama Hasbro. Halafu kwa silaha. Siku ya tatu akaanza kusoma kadi, akavunja kila kitu na kuanza upya: waliozaliwa kwenye joto upande huu, waliozaliwa kwenye baridi upande ule. Alipofika kwa Stalker akaja mbio jikoni. "Mjomba, huyu anajua Kiswahili!" Akamsalimia mwanasesere kwa sauti: shikamoo. Akasubiri. Mimi ndiye niliyelazimika kuitika marahaba.

Msomaji wa pwani hatalishangaa zoezi hili la kupanga majeshi ya bandia, maana tulikuwa nalo kabla ya plastiki. Ngoma ya beni, iliyoanza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi ndani kabisa ya Tanganyika, ilikuwa jeshi la kuigiza: bendi, sare, gwaride, na mlolongo mrefu wa vyeo. Terence Ranger ameieleza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1975. Vyama viwili vilivyoshindana Tanganyika, Marini na Arinoti, vilijigawa kwa hadhi na asili ya wanachama, Marini wakijiona waungwana na Arinoti wakikusanya zaidi wenye kazi za jasho na wageni wa kutoka bara. Kila upande ulikuwa na majemadari wake, na wanawake walikuwa na vyeo vyao. Wakoloni waliitazama beni kwa wasiwasi, wengine wakiona dhihaka, wengine njama. Hawakukosea sana wala hawakupatia. Nyuma ya vyeo vile vya kuchekesha palikuwa na kazi halisi: kumpokea mgeni aliyefika mjini bila ndugu, kumwuguza aliyelala, kumzika aliyekufa ugenini.

Hapo ndipo beni inapoipita Tiger Force kwa mbali. Jenerali wa Marini alikuwa jenerali wa uongo, lakini jeneza alilolibeba lilikuwa la kweli. Mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria kikao cha Waafrika Mashariki katika eneo la Dallas, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kamati ya maafa, wote wamekaa kwenye viti vya kukunja wakijadili gharama za kusafirisha maiti kwenda Moshi au Kisumu, anaujua mlolongo ule wa vyeo na anajua unafanya nini. Tendi zetu za maghazi nazo, kama Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, zinamtaka shujaa atoke safuni kwa jina lake na nasaba yake kabla ya pigo la kwanza. Kwetu kikosi kilianza na majina.

Tatizo ni kwamba Kiswahili chenyewe kimewahi kuwa sare, na sare halisi. Nilimpelekea picha ya kadi ya Stalker rafiki yangu wa Houston, mzaliwa wa Kivu ya Kusini, mtu aliyefika Texas baada ya miaka mingi ya kambi za wakimbizi, ambaye wanawe wamekulia katika majengo ya kupanga ya kusini-magharibi mwa jiji hilo. Nilitarajia acheke. Alinipigia simu usiku. "Kaka," aliniambia, "huyo wamemwandika vizuri. Sisi pia, wenye bunduki walikuja na Kiswahili."

Hakuwa akizungumzia nadharia. Wapiganaji wa AFDL walioanzia mashariki mwaka 1996 na kuingia Kinshasa mwezi Mei 1997 walifika wakisema Kiswahili katika mji wa Kilingala, na kwa wakazi wengi wa Kinshasa lugha yetu ikawa sauti ya mtu mwenye silaha aliyesimama njiani. Uganda ilikuwa imeyaona hayo mapema. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za King's African Rifles, kikaendelea kuwa lugha ya jeshi chini ya Idi Amin, na hata leo kuna Waganda wa rika fulani wanaokisikia kama amri ya kulala chini. Askari wa Tanzania walioingia Kampala mwaka 1979 walikisema pia, kwa lafudhi nyingine na kwa nia nyingine, lakini sikio lililokwisha kuogopa halitofautishi lafudhi haraka. Kabla ya hao wote, askari wa Wajerumani walikibeba Kiswahili hadi vijiji ambavyo havijawahi kuiona bahari. Sisi wa isimu tunapenda kusimulia kuenea kwa lugha hii kupitia biashara, misafara na ushairi. Ni kweli. Rafiki yangu alinikumbusha ile nusu ya pili.

Kwa hiyo orodha ya lugha katika kadi ya Stalker, ambayo mwanzoni niliisoma kama pambo la mwandishi anayetaka askari wake aonekane ametembea, ina ukweli ambao huenda haukukusudiwa. Tazama zilivyopangwa. Kihispania, Kiarabu, Kifaransa, Kiswahili: ni lugha za mahali ambapo Marekani ya mwaka 1982 ingeweza kumtuma mtu usiku. Hazikuorodheshwa kama lugha ambazo Stalker anaziota au kuzitania. Kadi imeziweka sambamba na bunduki alizofuzu. Kosa la kadi ni hilo la mpangilio, na ni kosa la kifasihi: Hama, ambaye katika sentensi moja anaweza kutueleza kwa nini kijana wa Brownsville alikimbilia barafu, hapa hatuelezi lolote kuhusu nani aliyemfundisha Lonzo Wilkinson Kiswahili.

Na hilo lingeweza kuelezwa, kwa sababu Detroit haikuwa jangwa la Kiswahili. Kijana mweusi aliyekulia katika mji wa Kimarekani kati ya miaka ya 1960 na 1970 hakuhitaji jeshi ili akutane na lugha hii. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha Kwanzaa huko Los Angeles na kuzipa kanuni zake saba majina ya Kiswahili. Katika miaka iliyofuata umoja, ujima na kuumba yalitamkwa na watu ambao hawajawahi kuona Mombasa na pengine hawakutarajia kuiona. Vyuo vilianza kufundisha Kiswahili kwa sababu wanafunzi weusi walikidai. Walizaliwa watoto walioitwa Imani na Jabari. Matamshi yao yaliwachekesha baadhi yetu tulipofika, na kicheko hicho, niseme wazi, hakikuwa cha haki: wao walikichagua Kiswahili bila kulazimishwa na mtu, jambo ambalo wengi wa wasemaji wake hawawezi kulisema.

Nikisoma hivi, mkuu wa genge la Detroit anayejua Kiswahili si kitendawili tena. Alikijua kabla ya kuvaa sare. Alikisikia katika ukumbi wa mtaani au kwa dada yake mkubwa aliyekuwa chuoni, kama dai la udugu, na jeshi lilipomuuliza anajua nini likaandika dai hilo katika safu ya ujuzi. Hili halimo katika kadi. Nalijazia mimi, kama mpwa wangu alivyojazia marahaba. Lakini halipingani na neno hata moja la kadi, na linaeleza kile ambacho kadi imekiacha wazi. Wakusanyaji wa Fort Worth wamekuwa wakifanya hivyo kwa miongo minne: wanachukua upungufu wa kadi na kuufanya kuwa nafasi. Tofauti kati ya mpangaji mzuri na mbaya ni kama amesoma mpaka mwisho wa aya au ameishia kwenye rangi.

Mpangilio wa kijeshi utamweka Stalker pamoja na wapelelezi, na hautakuwa umekosea. Jarida lenyewe linaunga mkono. Mpangilio wa lugha utamweka peke yake, na upweke huo ni hoja nzito dhidi ya utanzu mzima, maana katika kikosi cha mwaka 1982 hakuna wa kumjibu. Lugha isiyo na mtu wa pili ni chombo tu, hata ikiwa na methali elfu. Rafiki yangu wa Houston alifikia hukumu iliyo karibu na hiyo kwa njia fupi kuliko yangu. Nilimtumia mwanasesere mwenyewe kwa posta, kwa kuwa mpwa wangu alikuwa na wawili. Wanawe, aliniambia baadaye, walitaka kumpa bunduki iliyokosekana. Aliwakataza, si kwa chuki ya mchezo, kwani wana magari na mabomu ya plastiki tele, bali alitaka huyu mmoja awe wa nyumbani. Wamempanga na Doc, tabibu mweusi wa mwaka 1983 ambaye vifaa vyake ni pamoja na machela, na na mwanasesere wa kike wa seti nyingine kabisa, mkubwa kuwazidi wote, asiyeingia kwenye gari lolote.

Niliuliza kikosi hicho kinaitwaje. Mdogo wao akachukua simu kutoka kwa baba yake na kunijibu kwa Kiswahili cha Kivu kilichochanganyika na Kiingereza cha shule: hawana jina bado, kwanza wanatafuta mtu mmoja aliyeachwa nyuma.